Hayo maji kama maziwa siyo ubovu wa picha, dada

SWALI: "Habari mtaalamu. Naishi Leicester huku Uingereza mwaka wa tisa sasa, kwetu ni Muheza. Mwezi uliopita nimenunua picha ya zamani kwenye duka la mitumba la chariti, pauni 12, imebandikwa kwenye kadi ngumu na iko kwenye fremu. Ni korongo la mto, mawe makubwa pande zote, na mwanaume mwenye kofia amekaa juu ya jiwe. Niliipenda sababu ilinikumbusha mto Zigi nilikokuwa nachota maji nikiwa mdogo. Chini kuna herufi nyeupe ndogo BETTWS-Y-COED, FAIRY GLEN, halafu BEDFORD, na namba siisomi vizuri. Sasa shida ni kwamba maji hayaonekani kama maji, ni kama maziwa yamemwagika au moshi, na mbinguni hakuna kitu, peupe tu. Rangi ni kahawia, pembeni inaenda njano. Mume wangu anasema nimeuziwa feki au iliyoharibika. Ameipiga na simu akaipitisha kwenye programu, ikaweka mawingu na maji yakawa maji, na kwa kweli ikapendeza. Rafiki yangu anasema niifute na kitambaa cha maji ya sabuni kidogo ile njano itatoka. Nataka nimpelekee mama Muheza aitundike sebuleni. Je ni feki? Niisafishe? Ina thamani?"

JIBU:

Nzuri dada yangu, pole na baridi ya huko. Swali lako nimelisoma mara mbili na ngoja nikutoe presha mapema, kwa jinsi ulivyoieleza hiyo picha sioni dalili ya feki, na hayo maji ya maziwa na hiyo mbingu tupu siyo ubovu, tena hivyo viwili ndivyo vinavyonifanya niamini ni ya zamani kweli. Ubovu upo ila ni mmoja tu, nao ni ule ulioutaja kwa kupita, ile njano ya pembeni. Yaani hapo nyumbani mmeshika kinyume, palipo pazima mmepatibu kwa simu na panapoumwa mnataka kupaosha na sabuni. Sabuni kaiweke jikoni kabisa, tutafika huko.

Kwanza mahali penyewe. Fairy Glen, ambayo kwa Kiwelisi inaitwa Ffos Noddun, ni korongo dogo la mto Conwy karibu na kijiji cha Betws-y-Coed, kaskazini ya Wales. Siku hizi jina la kijiji linaandikwa na t moja, hiyo ya t mbili ni tahajia ya Waingereza wa enzi za Malkia Victoria. Mto upo, mawe yapo, ukiamka mapema kutoka Leicester unaenda na kurudi siku hiyohiyo, na ukisimama pale na picha yako mkononi (kopi, siyo yenyewe!) unaweza kutafuta jiwe alilokaa huyo bwana.

Na Bedford ni Francis Bedford, mtu wa London, kazaliwa 1815 kafariki 1894. Alianza na kazi ya kuchora majengo kwa ajili ya uchapaji wa mawe (mchoro unachorwa juu ya jiwe, unachapwa karatasini), ndo maana jicho lake linapenda mistari iliyotulia. Mwaka 1862 alichukuliwa kwenye msafara wa mtoto wa Malkia, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, wakaenda Misri na Palestina na Syria, yeye kazi yake kupiga picha. Baada ya hapo jina lilikuwa kubwa, na kampuni yake ikawa inauza picha za sehemu nzuri za Uingereza na Wales kwa watalii. Hizo herufi nyeupe na namba ni kama katalogi, mteja anaingia dukani anasema nipe namba fulani. Hakuwa wa kwanza mabonde yale. Wachoraji kina David Cox walishakaa hapo miaka mingi na brashi zao, na mwaka 1857 Roger Fenton, yule aliyetoka kupiga picha za vita vya Crimea mwaka 1855, alishapita mito ya Conwy na Llugwy na Machno akatoa picha za makorongo ambazo mpaka leo watu wa fani wanazitolea macho. Halafu treni ikafika Betws-y-Coed mwaka 1868, watalii wakamiminika, na kamera ya mtu wa kawaida ilikuwa bado, Kodak imekuja 1888, kwa hiyo kila mtalii aliyetaka ukumbusho ilibidi anunue picha. Hapo ndo picha yako inapotokea.

Sasa maji. Shemeji anasema maji hayawezi kuwa hivyo na jicho lake halijakosea, machoni maji hayawi hivyo. Ila kamera ya wakati ule haikuona kama jicho. Simu yako ikipiga picha inaruhusu mwanga uingie kwa kipande kidogo mno cha sekunde, labda sehemu moja ya mia, ndo maana tone linakamatwa likiwa bado hewani. Bamba la kioo alilotumia Bedford lilikuwa zito sana kushika mwanga, ilibidi uingie kidogo kidogo mpaka utoshe, kama ndoo chini ya bomba la mgao, maji yanatoka uzi mwembamba na wewe umekaa hapo na subira yako. Juani kabisa ni sekunde kadhaa. Ndani ya korongo lenye kivuli, na lenzi imeachiwa tundu dogo ili jiwe la karibu na la mbali yote yatoke makali, unaongelea nusu dakika, dakika, wakati mwingine zaidi. Shata haikuwepo. Jamaa alikuwa anavua kifuniko cha lenzi kwa mkono, anahesabu kimoyomoyo, anakirudisha.

Hebu fikiria muda wote huo mto unafanya nini. Jiwe liko palepale, kila sekunde linaandika kitu kilekile mahali palepale, mwisho linatoka kali mpaka nyufa unazihesabu. Maji hayakai. Povu linapita, linakuja lingine, linapita, na yote yanaandikwa moja juu ya mwenzake kwenye bamba hilohilo, kwa hiyo kinachobaki siyo tone wala wimbi, ni njia ambayo maji yamepita kwa dakika nzima. Itazame tena picha yako taratibu, nina hakika utaona pale maji yanapoanguka ni meupe kama maziwa, ila pale yalipotulia kwenye kidimbwi ni kama kioo cha kujitazamia. Feki ya kutengenezwa haraka haraka huwa inasahau tofauti hiyo, inapaka ukungu kila mahali. Kaangalie na majani ya miti ya pembeni, yaliyo kwenye matawi marefu yatakuwa yametoka kama pamba sababu upepo uliyatikisa, na yaliyobanana karibu na shina yatakuwa makali. Na huyo bwana mwenye kofia hakukaa hapo kwa kupumzika bana, mara nyingi mtu wa namna hiyo ni msaidizi wa mpiga picha, kawekwa hapo ili mtazamaji aone ukubwa wa mawe, kaambiwa tulia usipumue. Ukichukua kioo cha kukuzia ukakuta uso wake umefifia kidogo kuliko koti lake ujue aligeuza kichwa.

Kinachonichekesha ni kwamba siku hizi wapiga picha wananunua filta nyeusi kwa hela nzuri tu wanazifunga mbele ya lenzi, ili kamera za kisasa ziwe goigoi wapate maji ya maziwa kama hayo ambayo shemeji anayaita ubovu!

Mbingu nayo ina sababu yake, na hii ni tofauti na ile ya maji, watu wengi wanazichanganya. Bamba la wakati huo lilipakwa dawa inayoitwa kolodioni, na kolodioni haikuona rangi zote. Ilikuwa inaona bluu na urujuani na ule mwanga wa jua tusiouona sisi, basi. Nyekundu kwake ni giza, njano ni karibu na giza, kijani ni kidogo sana. Sasa mbingu ni bluu, wingu ni jeupe na ndani ya weupe bluu imo, kwa hiyo kwa kolodioni mbingu na wingu ni kitu kimoja kinachowaka. Ukijumlisha kwamba kamera imeachwa wazi dakika nzima kungojea mawe meusi yenye ukoga wa kijani yatokee, mbingu imeshaungua zamani. Ndo maana ukutani kwako mbingu ni nyeupe na majani ni meusi mno. Wapo waliopiga mawingu kwenye bamba la pili wakayaunganisha wakati wa kuchapa, Mfaransa Gustave Le Gray alipata sifa kubwa kwa mchezo huo kwenye picha zake za bahari miaka ya 1856 na 1857, kwa hiyo mawingu ya kubandika siyo uvumbuzi wa programu ya shemeji. Na kwa kupita tu, ukiona picha za zamani za watu wa kwetu pwani, Zanzibar au Mombasa, zilizopigwa kwa mabamba ya aina hii, ujue ngozi za watu zimetoka nyeusi kuliko walivyokuwa, sababu hiyohiyo, rangi ya kahawia ina nyekundu na njano ndani yake na bamba halizioni.

Hapa sasa ndo kuna jambo ambalo mimi binafsi nalipenda. Watu hudhani wapiga picha wa zama zile waliyakimbilia makorongo kwa sababu ya urembo tu, na ni kweli vitabu vya watalii vilikuwa vinayasifia. Ila ukiifikiria kazi yenyewe, korongo la mawe ni kama liliumbwa kwa ajili ya kolodioni. Mawe hayatikisiki hata ukiacha kamera wazi mpaka chai ichemke. Kuta za mawe zinaficha mbingu, ile mbingu tupu inabaki kipande kidogo juu badala ya kula nusu ya picha. Upepo chini kule unapungua. Na maji yapo hapohapo miguuni, na hii ya maji ni kubwa kuliko unavyodhani. Kilichokuwa kinamtesa mtu humo ni mwanga tu, ni hafifu, na malipo ya mwanga hafifu ni muda, na muda ndo umekupa maziwa.

Kwa nini maji ni muhimu? Sababu kolodioni ni dawa ya maji maji. Aliyeileta ni Frederick Scott Archer mwaka 1851, akaitoa bure bila hakimiliki, watu wakatajirika nayo na yeye akafa maskini mwaka 1857. Kazi ilikuwa hivi, mtu anasimamisha hema jeusi pembeni ya mto, humo ndani anashika kioo kwenye kona, anamimina kolodioni katikati na kuikiringisha kona kwa kona kama unavyotandaza mafuta kwenye chuma cha chapati, halafu anakichovya kwenye dawa ya fedha dakika chache gizani, anakiweka kwenye kasha lisilopitisha mwanga, anakimbia nalo juu ya mawe yanayoteleza mpaka kwenye kamera, anavua kifuniko, anahesabu, anafunika, anakimbia kurudi hemani, anamwagia dawa ya kutoa picha, na yote hayo kabla kolodioni haijakauka, una kama dakika kumi hivi, ikikauka umekula hasara. Kisha bamba lazima lioshwe, na lioshwe vizuri. Mlimani ungebeba maji mgongoni, korongoni unachota tu. Halafu saizi ya picha ndo saizi ya bamba, wakati ule hawakuzoea kukuza, ukitaka picha kubwa unabeba kioo kikubwa na kamera kubwa kama kabati la vyombo.

Kwenye joto ilikuwa balaa zaidi maana kolodioni ina etha inayopaa upesi. John Kirk, huyuhuyu aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Zanzibar enzi za Seyyid Barghash, alikuwa daktari na mtu wa mimea kwenye msafara wa Livingstone wa mto Zambezi kuanzia 1858 hadi 1863 na alikuwa anapiga picha huko. Ukilinganisha na hali hiyo Wales ilikuwa picnic, ukiacha mvua.

Ukiwa na bahati angalia kona za picha yako. Mara nyingine kona moja ina alama ya dole gumba, au ukingo una mawimbi mawimbi pale kolodioni ilipokwama. Kampuni nyingi zilikata kingo hizo kwa mkasi, kwa hiyo usipoiona siyo neno, ila ukiiona basi umeshikana mkono na mtu wa miaka ile.

Tuje kwenye karatasi, maana ugonjwa uko huku. Picha yako kwa maelezo ya rangi na kadi ngumu ya nyuma ni ya karatasi ya albumini, na albumini ni ute wa yai. Kweli kabisa, yai la kuku. Blanquart-Evrard wa Ufaransa ndo alitangaza njia hiyo mwaka 1850. Karatasi nyembamba inapakwa ute uliotiwa chumvi, inakauka, inapakwa dawa ya fedha, inawekwa chini ya bamba na kuanikwa juani mpaka picha ijitokeze yenyewe. Ilikuwa biashara kubwa mno, kiwanda kimoja cha Dresden Ujerumani kilifikia kutumia mayai kama 60,000 kwa siku, na walichotaka ni ute tu. Baada ya jua picha ilipitishwa kwenye dawa ya dhahabu, hapo ndo inapata ile kahawia yenye zambarau kidogo. Kwa hiyo kahawia siyo uchafu wala siyo uzee, ilizaliwa nayo.

Ila njano ni kesi nyingine. Ute wa yai ni protini, na protini ikikaa miaka mia na ushee inageuka njano yenyewe, na inageuka haraka zaidi penye unyevu, joto na mwanga. Pili kuna ile dawa ya kukaza picha, sisi tuliojifunzia chumba cha giza tunaiita haipo (ni jina tu, kutoka Kiingereza hypo). Haipo kazi yake ni kuondoa fedha ambayo haijatumika, halafu yenyewe inatakiwa ioshwe yote itoke. Shida ya picha za zamani ni kwamba haipo mara nyingi ipo, hawakuosha vya kutosha, na salfa yake inakula fedha taratibu mpaka weusi unakuwa njano. Tatu ni kadi na gundi, kadi za bei rahisi zina asidi, na hewa chafu inaingilia pembeni, ndo maana ugonjwa unaanza kingoni ukija katikati, na unaanza kula sehemu nyeupe nyeupe kama povu la maji kabla ya kugusa mawe meusi. Naomba unielewe hapa, hiyo njano haiko juu ya picha kama vumbi, imo ndani ya picha, ni picha yenyewe imebadilika. Haifutiki. Hakuna sabuni, siki, limao wala dawa ya kienyeji ya kuirudisha, unachoweza ni kuipunguzia mwendo.

Na maji yanaleta msiba mpya. Ute ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, unapasuka nyufa ndogo ndogo kama matope ya kiangazi, na ule mng'ao unaondoka na haurudi. Nilipokuwa najifunza kazi niliwahi kuguswa na kishawishi hicho, pamba yenye maji kidogo tu kwenye kona ya picha isiyo na thamani, nikasema nijaribu. Kona ile mpaka leo inaniangalia vibaya. Rafiki yako ana nia njema ila mwambie hapana. Kama kuna vumbi, brashi laini kavu, ya vipodozi mpya inatosha, taratibu kutoka katikati kwenda nje, na kama unaona inakwangua au kitu kinabanduka acha papo hapo.

Uhakika wa kwamba siyo feki unaweza kuupata mwenyewe hapo mezani. Chukua kioo cha kukuzia, hata lenzi ya simu ikisogezwa karibu inasaidia, angalia sehemu ya kijivu kijivu. Ukiona vidoti vimejipanga kama vya picha ya gazeti, hiyo ni ya kuchapwa mashineni, imetoka kwenye kitabu au ni posta ya ukutani. Ukiona hakuna vidoti, rangi zinapita bila kukatika, na chini ya mng'ao unaona nyuzi nyuzi za karatasi, ni albumini. Ikiwa badala ya kahawia ni nyeusi na kijivu na kwenye sehemu zake za giza kuna mng'aro wa kifedha kama kioo, hiyo ni ya karatasi za baadaye zenye jelatini. Jambo moja la ziada, umri wa bamba na umri wa karatasi ni vitu viwili, Bedford angeweza kupiga miaka ya 1860 na kampuni ikaendelea kuchapa kutoka bamba lilelile miaka mingi, mwanaye William naye alikuwa kwenye kazi hiyo. Kwa hiyo usimwambie mtu "ni ya mwaka fulani", sema ni ya nusu ya pili ya karne ya 19 utakuwa salama. Maktaba kuu ya Birmingham, ambayo siyo mbali na wewe, ina mkusanyiko mkubwa wa mabamba na picha za Bedford, ukiisoma namba yako waandikie watu wa kumbukumbu uwaulize.

Thamani, nitakuwa mkweli. Picha hizi zilitengenezwa kwa wingi kwa ajili ya watalii, kwa hiyo ya kawaida kama yako, tena iliyoanza njano, inauzwa makumi ya pauni, siyo maelfu. Ingekuwa ya Fenton ya 1857 na iko safi ningekwambia funga mlango tuongee. Pauni 12 hukupigwa, umepata kitu halali kwa bei nzuri, ila usiache kazi.

Sasa kuhusu fremu. Hukusema kama kioo kimegusana na picha, na hilo ndo la kwanza ningeangalia ningekuwa hapo. Nyumba za huko wakati wa baridi si unajua zilivyo, hita ndani, madirisha yanatoka jasho, ukungu mweusi kwenye kona. Jasho hilohilo linatokea nyuma ya kioo cha fremu, na ute wa yai ukilowa unashika kioo kama gundi. Iinamishe chini ya taa, ukiona mahali pana doa linaloonekana kama limelowa wakati ni kavu, hapo imeganda. Usiifungue, usiivute, usiingize kisu. Kama haijaganda ifungue, itoe, usiibandue kwenye kadi yake hata kama kadi ni mbaya (watu wengi wanaua picha hapo), iweke kwenye bahasha au boksi la karatasi isiyo na asidi, kwenye kabati la chumbani ukuta wa ndani. Siyo darini, siyo chini ya ngazi penye unyevu, siyo jikoni. Unyevu wa hewa kati ya asilimia 30 na 50 ndo unaotakiwa. Kuilaminisha ndo usithubutu kabisa.

Kwa mama Muheza ningekushauri usipeleke yenyewe. Muheza ni mbichi, unyevu wa pwani unaujua mwenyewe, joto, wadudu wanaopenda karatasi na wanga wa gundi, halafu sebule yenye dirisha wazi na jua la saa tisa. Miaka michache tu povu lote la mto litakuwa limepotea. Ipige kopi. Siku ya mawingu iweke bapa karibu na dirisha, kamera au simu juu yake imetulia sawasawa, bila flashi maana inarudisha mng'ao, au kama kadi iko bapa na haina nyufa skana ya kawaida mara moja haina neno ila usiikandamize na kifuniko. Peleka studio nzuri wachape kwenye karatasi ya kudumu kwa saizi ileile na kahawia ileile, fremu yenye kadi iliyokatwa dirisha katikati ili kioo kisiguse, mama atatundika na ikifubaa unachapa nyingine. Na wewe nyumbani Leicester ukutani weka kopi vilevile, yenyewe uitoe siku ukiwa na mgeni anayeelewa.

Mtaalamu wa ana kwa ana mtafute kama imeganda kwenye kioo, kama kuna ukungu wa vidoa doa wenye harufu, kama uso wa picha unabanduka magamba, au kadi imevunjika na picha inataka kuchanika nayo. Hayo usijaribu nyumbani na usinitumie picha ukaniuliza nifanyeje, maana jibu langu litakuwa hilohilo. Uingereza kuna chama cha wahifadhi, Institute of Conservation, wenyewe wanakiita Icon, wana orodha ya wataalamu waliothibitishwa, tafuta wa picha au karatasi aliye karibu nawe, uliza bei kwanza kwa sababu matengenezo yanaweza kuzidi thamani ya picha mara kadhaa, na hapo ni wewe na moyo wako na mto Zigi.

Ile yenye mawingu mwachie shemeji aweke kwenye status.